Safu ya Umri

Mkwe wangu Iradukunda alirudishwa nyumbani mara tatu na hospitali ninayofanyia kazi mimi, na karatasi iliyomrudisha imebandikwa ukutani, ina jina langu chini. Nimejaribu kulisimulia jambo hili bila kulalamika nikashindwa. Basi acha nilalamike.

Mimi si daktari. Ni mtunza kumbukumbu wa hospitali moja hapa Ngara, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kazi yangu ni vitabu. Kila mgonjwa anayeingia anaandikwa: jina, kijiji, umri, anaumwa nini, amepewa nini, ameishia wapi. Madaktari wanahamishwa, wauguzi wanastaafu, vitabu vinabaki kwangu. Hata baada ya kompyuta kuletwa, umeme ukikatika tu wale vijana wanaojua kila kitu wanakuja mlangoni kwangu wamenywea, wanaomba kitabu cha mwezi uliopita.

Mwezi wa tisa mwaka jana Daktari Methusela aliniita ofisini kwake. Huyu ni bingwa wa upasuaji, bado kijana, mtu wa haraka, anakunywa chai akiwa amesimama. Akaniambia saratani ya utumbo mpana inamtesa kwenye kazi yake. Watu wanamfikia utumbo umeshaziba, anafungua tumbo na kulifunga. Tulikuwa tumepata kamera ya kuangalia utumbo kwa ndani, lakini inafanya kazi Jumatano peke yake, kwa watu wanane, na chupa za kuwekea vinyama vya kupeleka Mwanza kupimwa ni za kuhesabu. Wakati huohuo wanaotoka damu chooni huku kwetu ni wengi kupita kiasi. Wengine ni amiba, wengine kichocho, wengine mgoro, yaani bawasiri. Hawezi kuwapitisha wote kwenye kamera. Alitaka kujua saratani hii inawapata akina nani hasa: wazee au vijana, wanaume au wanawake, wa kata gani.

"Vitabu vya wenzetu vinasema ni ugonjwa wa wazee," akasema. "Vya kwetu vinasemaje?"

Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vitabu vyangu vinasema nini. Huwa wananiuliza viko wapi. Nilitoka mle ofisini natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilianza kuhesabu. Miaka kumi ya vitabu, kuanzia vile vyenye majalada yaliyoliwa na mende. Daktari alisisitiza kitu kimoja: majina ni siri, nisiyanakili, na ikiwezekana nisiyatazame kabisa, kwa sababu wilaya ni ndogo na sote tunajuana. Mimi nikiambiwa jambo la kazi nalishika. Nilikata kipande cha boksi la majani ya chai, nikakiweka juu ya safu ya majina, nikawa nakishusha mstari kwa mstari. Nikikuta saratani ya utumbo, au uvimbe wa njia ya haja kubwa unaodhaniwa kuwa saratani, naweka alama ya penseli pembeni, nanakili umri, jinsia na kata. Rusumo, Kanazi, Mabawe, mpaka wale wa Biharamulo wanaotufuata sisi kwa sababu barabara inawaleta.

Miezi minne. Nilipata wagonjwa sabini na watatu. Waliokuwa chini ya miaka arobaini ni sita tu. Wengine wote walikuwa watu wa makamo na wazee, na wengi wao wanawake wa miaka hamsini na kitu.

Joyness, muuguzi wa wadi ya upasuaji, alipoiona ile hesabu aliinamisha kichwa. Akasema yeye anaowafunga vidonda si hao. Anaowaosha na kuwabadilishia mashuka, alisema, ni vijana, wengine wana watoto wanaonyonya. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Wewe unakumbuka, mimi nahesabu." Alirudi wadini kwake. Siku nyingi sasa natamani angenijibu.

Daktari aliipeleka hesabu yangu kwenye kikao cha tiba, ikapita bila swali hata moja. Ukatoka mwongozo, ukapigwa chapa, ukabandikwa kwenye kila chumba cha kuonea wagonjwa. Mwenye miaka arobaini na tano na kuendelea akitoka damu, anaandikwa moja kwa moja kwenye orodha ya Jumatano. Aliye chini ya hapo atibiwe amiba kwanza mizunguko miwili, kisha bawasiri, kisha ndipo aangaliwe upya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Takwimu zimeandaliwa na Scolastica P. Nilimpigia simu mwanangu Danstan kule Rusumo anakofanya kazi kwa mawakala wa forodha, nikamwambia akipita hospitali asome ukutani.

Iradukunda ni mke wa huyo Danstan. Ana miaka ishirini na sita na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu. Wazazi wake, Celestini na Véronique, walivuka kutoka Burundi wakati wa vita wakafungua shamba hapohapo Mabawe, jirani na langu, na yeye amezaliwa hapa. Nilimpenda kabla Danstan hajampenda. Ni mtu wa maneno machache, na mambo ya chooni hawezi kumwambia mama mkwe hata umfunge kamba. Huku kwetu ndivyo tunavyowalea binti zetu, halafu tunashangaa wanapougua kimya.

Mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa likizo, tunapiga maharage uani. Nikaona anaketi upande upande. Nikaona ameifunga kanga mara mbili kiunoni na bado inashuka. Nikaanza kumfokea kwamba hali, kwamba anaona aibu kula mbele yangu kama mgeni. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Nilipomfuata kwa hasira zangu nikaona damu kwenye majani ya mgomba, nyingi, nyeusi.

Ndipo akaniambia kidogo kidogo. Damu ina karibu mwaka. Alikwenda hospitali mwezi wa tatu, wakampa dawa za amiba. Akaenda mwezi wa nne, wakampa tena zilezile. Mwezi wa tano wakampa dawa ya bawasiri ya kupaka. Mara zote tatu alipita mbele ya dirisha langu akiwa amejifunika, nisimwone.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe. Tabibu wa zamu alikuwa Wiston, kijana mpole. Alinipa shikamoo, akanipa na kiti. Nilimweleza. Akasoma cheti cha Iradukunda, akasema amemaliza amiba na sasa yuko kwenye bawasiri, arudi baada ya mwezi. Nikamwambia mwezi ni mbali, nataka Jumatano hii. Akasema orodha ya Jumatano imejaa watu wenye umri unaostahili, na akimwingiza huyu kwa sababu ni mkwe wangu, kesho kila mtumishi ataleta wa kwake. Nilipopandisha sauti aligeuza kidevu kuelekea ukutani.

"Mama, mwongozo huu ni wako," akasema.

Alisema kwa adabu tu, hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitoka nikamwacha Iradukunda kwenye benchi, nikaenda mapokezi kwa Kazimili, mtani wangu wa kabila la Wazinza, ambaye anajua njia zote za panya za hospitali hii. Nilitaka kumlalamikia tu. Alinisikiliza, akatazama kushoto na kulia, akainama.

"Mama Scola, unahangaika nini?" akasema. "Mpe kadi yako ya bima kama mwaka jana. Ataandikwa miaka hamsini na nne, Jumatano anaingia."

Nikamuuliza mwaka jana lini. Akashangaa nimesahau. Mwezi wa nane, akasema, Danstan alimleta mkewe na kadi yangu, na yeye Kazimili ndiye aliyemwandikisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu huku analijua na hakuna anayeliandika. Kadi za bima zinaazimwa. Wenye kadi ni watumishi kama mimi, au mama wa nyumbani waliojiunga kwa vikundi vyao. Vijana hawana. Kijana akiugua anachukua kadi ya mama yake, anaandikishwa kwa jina la mama na umri wa mama, anatibiwa, anarudisha kadi kabatini. Picha haizuii kitu. Yangu ilipigwa zamani, haifanani hata na mimi mwenyewe. Daktari anamtazama mgonjwa, muuguzi ananakili fomu, na kitabu kinapokea kilichoandikwa kwenye fomu. Hakuna anayeona kuwa ametenda dhambi. Mwezi wa nane mwaka jana Danstan alikuja akasema mkewe tumbo linamsumbua, nami nilikuwa nasonga ugali. Nilimwambia kadi iko kwenye droo. Sikuuliza tumbo gani.

Nilikwenda stoo ya vitabu. Nikatoa kitabu cha mwezi wa nane. Safari hii sikuwa na kile kipande cha boksi. Tarehe kumi na nne, mstari wa tisa: Scolastica Pancras, mwanamke, miaka 54, Mabawe. Anatoka damu miezi miwili. Amepimwa kwa kidole, kuna uvimbe. Saratani inadhaniwa. Rufaa Mwanza. Na kwenye safu ya mwisho: hajarudi. Pembeni mwa mstari kulikuwa na alama ya penseli, na mkono ulioiweka ni wangu. Nilikuwa nimejihesabu mwenyewe. Nilikuwa mmoja wa wale sabini na watatu, katika wanawake wa miaka hamsini na kitu, mimi ambaye sijawahi kutoka damu kule hata siku moja.

Nilirudi kwenye benchi. Iradukunda alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Nikamuuliza kwa nini hakwenda Mwanza. Akasema daktari yule wa mwaka jana, ambaye ameshahama, alimwambia Mwanza wanakagua kadi na kitambulisho, akaogopa. Wakaamua na Danstan wasubiri apate kadi yake. Ilichukua miezi saba.

"Na mwezi wa tatu, ulipokuja na kadi yako," nikamuuliza, "kwa nini hukumwambia tabibu kwamba uvimbe walishauona?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Waliuona kwa jina lako, mama," akasema. "Ningesema, wangekufukuza kazi."

Nililia palepale, mbele ya wagonjwa, na sare yangu. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Namkasirikia Danstan, Kazimili na yule daktari aliyehama. Namkasirikia hata Iradukunda kwa wema wake wa kijinga. Halafu nazunguka kote naishia kwenye ile droo.

Ningeweza kumpa kadi yangu tena. Nakiri niliishika mkononi. Jumatano angeingia, hakuna ambaye angejua. Lakini Mwanza ingekuwa palepale inamsubiri na kitambulisho chake, na kitabu changu kingeongeza mzee mwingine asiyekuwepo. Nikachukua kile kitabu cha mwezi wa nane, nikapanda nacho kwa Daktari Methusela, nikamfungulia ukurasa.

Alisoma. Akaweka kikombe chini, akaketi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Aliniuliza kama najua nilichofanya ni kosa la kazi. Nikamwambia najua, aandike barua yake, ila Iradukunda aingie Jumatano kwa jina lake na umri wake. Akakubali; huyo mmoja angembana kwenye orodha. Nikamwambia mwongozo nao uondolewe ukutani, kwa sababu hesabu imeoza. Hapo akakataa.

"Mstari mmoja hauvunji sabini na watatu," akasema. "Wengine nao niwafanyeje? Nikisie umri wao?"

Nilikuwa nimebakiza siku tano za likizo. Nikaandika majina, safari hii majina kweli, ya watu saba walioandikwa kuwa wamefariki, wa mahali ninapoweza kufika, nikaanza na aliye mbali kuliko wote ili nisije nikachoka nikamwacha. Adelfina, miaka 58, wa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Kwenye kitabu changu Adelfina alipasuliwa miaka mitatu iliyopita, akafariki wadini siku ya nne.

Nilifika Nyakahura asubuhi baada ya misa ya kwanza. Nikauliza kwa marehemu Adelfina ni wapi. Watu walinitazama vibaya, wakanionyesha. Alikuwa uani kwake anapura maharage, mwanamke mnene mwenye afya, mikono imejaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwambia natoka hospitali Ngara, na nina kitabu kinachosema amekufa.

Alikana kwanza. Alisema alikwenda kweli hospitali, akatibiwa, akapona, wameandika vibaya. Alikuwa anaogopa nimetumwa kuja kumkamata kwa ajili ya kadi. Nilikaa chini kwenye maganda ya maharage nikamweleza habari ya droo yangu, yote, mpaka na alama ya penseli. Alipoona naeleza ya kwangu kabla ya kuuliza ya kwake aliacha kupura. Akafuta mikono, akanichukua nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao uliopakwa chokaa. Happyness, binti yake wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Hata cheti cha kifo ni changu," Adelfina akaniambia. "Nimekifungia sandukuni. Mwanangu hana hata karatasi inayosema alikufa."

Nilimsaidia kupepeta maharage mpaka jua likawa kali, nikaondoka.

Kwa siku nne nilifika nyumba zote saba. Nyumba mbili niliwakuta wafu wangu wamekufa kweli, wazee, Mungu awarehemu. Nyumba moja walinifungia mlango. Katika nyumba nne zilizobaki wafu wangu walikuwa hai, wanalima, wanakamua, mmoja ananiuliza kama nimekula. Waliozikwa walikuwa watoto wao: ishirini na tatu, thelathini na moja, ishirini na nane, kumi na tisa. Joyness alikuwa anakumbuka sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu makosa.

Niliwaomba waweke sahihi kwenye karatasi kwamba aliyeugua alikuwa mtoto. Hakuna aliyekubali. Walisema karatasi ya kuazima kadi ukishaitia sahihi ni kama umejipeleka mahakamani, na waliyempoteza harudi kwa sahihi. Siwezi kuwalaumu. Nilibembeleza, nikaapa, mwisho nikaikunja karatasi.

Jumatano Iradukunda aliingia kwenye kamera. Danstan alikuja kutoka Rusumo akaketi nje na kofia mkononi. Daktari Methusela alitoka mapema mno. Alisema kamera haikupita. Kitu kimekua mpaka kimeacha nafasi ya penseli. Alichukua kinyama, akakitia kwenye chupa, na bila kungoja majibu akaandika rufaa ya Mwanza siku ileile. Mimi ndiye niliyejaza fomu: Iradukunda Celestini, miaka 26. Niliiandika ile ishirini na sita kwa tarakimu kubwa, kama inasaidia.

Barua yangu ya onyo kali ilinifikia kabla ya majibu ya kinyama. Kwenye kuadhibu hatuna foleni.

Mwanza walimpasua wiki mbili baadaye. Walimtolea utumbo ubavuni, akawekewa mfuko, na wakamwambia Danstan ugonjwa umefika kwenye ini. Daktari wa kule aliuliza ilikuwaje mtu wa umri huu akakaa mwaka mzima bila kupimwa. Danstan akanipigia mimi simu ili nijibu. Nilimwambia aseme mama yake ndiye aliyehesabu.

Daktari Methusela alizipeleka habari zangu za nyumba nne kwenye kikao cha tiba cha mwezi wa tisa. Najua alijitahidi, kwa sababu alitoka amekunja uso, na chai hakuinywa. Wenzake walimwambia hadithi za majumbani zisizo na sahihi si takwimu. Wakaamua vitabu vya miaka kumi vihakikiwe upya, kata kwa kata, na mpaka uhakiki umalizike mwongozo ubaki ulivyo, ili kusiwe na vurugu kwenye foleni ya kamera. Kazi ya uhakiki wakanipa mimi.

Basi nafuta na kuandika. Iradukunda yuko nyumbani Mabawe, kwenye chumba cha mbele ambako jua linaingia. Namwosha mimi, nambadilishia mfuko mimi. Aibu ya mama mkwe na mkwe imetuishia, tena imetuishia kwa bei mbaya. Juzi alinishika mkono nikiwa namfunga.

"Niyonzima naye ameanza kutoka damu," akasema. "Mama Véronique amemtafutia kadi ya mjomba wake."

Niyonzima ni mdogo wake. Ana miaka kumi na minane, ana pumzi ya kupanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani bila kusimama. Niliacha kila kitu, nikaenda kwa Véronique, nikamkuta kijana ameshavaa shati safi na kadi ya mjomba iko mfukoni. Niliitoa, nikamrudishia mama yake. Sikueleza sana. Véronique alikuwa ametoka kumwona binti yake asubuhi ileile.

Kazimili alituandikisha bila utani. Jina lake, umri wake, na pesa nikalipa mimi taslimu. Chumbani alikuwa Wiston. Alinipa shikamoo, akampima kijana kwa kidole, akasema bado hajagusa kitu, lakini damu ipo. Nikamwambia dada yake ana saratani ya utumbo, na ugonjwa huu ukimpata kijana hupenda kuwapata na ndugu zake. Aandikwe Jumatano. Wiston aliishika kalamu. Halafu akainua macho ukutani, kwenye ile karatasi ambayo kona moja imeshabanduka, na nikaona anasoma mpaka chini, mpaka kwenye jina langu.

"Kumi na minane," akasema taratibu. "Mama, hapa inaanzia arobaini na tano."

Nilimwambia Niyonzima aketi. Nami nikaivuta benchi mpaka katikati ya mlango, nikaketi, nikamwambia Wiston mgonjwa mwingine haingii humu mpaka aandike.